Mbunge Ralph Verney: baba alibeba bendera ya Mfalme, mwana akabaki bungeni

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba katika vita vya Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza na Bunge lake, mbunge Sir Ralph Verney alibaki na Bunge wakati baba yake akibeba bendera ya Mfalme, kisha Bunge hilohilo likamfukuza. Je, baba alimkana mwanawe? Ilikuwaje akafukuzwa na watu wa upande wake? Na kwa nini mkewe ndiye aliyekwenda London kudai mali, siye yeye? Ningependa pia kujua kama uzao wake bado upo."

Jibu:

Baba hakumkana. Naanza na hilo kwa sababu kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama cha baba na mwana waliogeuziana visogo, ilhali barua za familia yenyewe zinasema mengine. Vita vilipokuwa vinaanza mwaka 1642, rafiki wa familia, Lady Sussex, alijaribu kuwapatanisha. Sir Edmund Verney akamjibu kwamba Ralph amekuwa karibu na moyo wake siku zote, na kwamba kwa kweli bado yumo humo. Uchungu alikuwa nao, tena mkubwa. Lakini kuumizwa na mtoto ni jambo moja na kumkana ni lingine, na Sir Edmund hakufika huko.

Ili uelewe uchungu ule, mjue kwanza baba mwenyewe. Sir Edmund alikulia katika utumishi wa jumba la kifalme. Mwaka 1623, Charles akiwa bado mwana wa mfalme, alifuatana naye hadi Madrid katika safari ile ya kwenda kuposa binti wa mfalme wa Uhispania, posa ambayo haikufua dafu. Charles alipotawala, Sir Edmund akapewa cheo cha kusimamia amani na nidhamu popote Mfalme alipokaa. Nyumbani kwake ni Claydon, katika wilaya ya Buckinghamshire. Mkewe, Margaret Denton, alitoka Hillesden, nyumba ya jirani. Watoto wao waliokua wakawa watu wazima walikuwa kumi: wavulana wanne na wasichana sita, na Ralph, aliyezaliwa mwaka 1613, ndiye kifungua mimba.

Mwaka 1640 Mfalme alilazimika kuita Bunge baada ya kutawala miaka 11 bila hilo. Baba na mwana wakachaguliwa wote wawili, Sir Edmund kwa mji wa Wycombe na Ralph kwa Aylesbury, wakawa wanakaa katika ukumbi mmoja. Tena katika mambo mengi hawakuwa mbali kimawazo. Wote hawakupenda kodi zilizotozwa bila idhini ya Bunge, na wote walikuwa Waprotestanti wasiopenda makuu ya maaskofu wa wakati ule.

Ralph alikuwa na tabia moja ambayo wanahistoria hatuna budi kumshukuru kwayo: alikuwa anaandika. Mijadala inaendelea, yeye ana penseli na karatasi zilizokunjwa, ananukuu nani kasema nini. Kwa hiyo tarehe 4 Januari 1642, Mfalme alipoingia bungeni na askari wakiwa mlangoni ili awakamate wabunge watano, Ralph alikuwemo na penseli yake. Katika maandishi yake tunamwona Mfalme akiuliza walipo watu wake, na Spika William Lenthall akipiga magoti na kujibu kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa jinsi Bunge litakavyomwamuru. Watano wale walikwisha kuondoka kwa mashua mtoni. Miezi michache baadaye nchi ilikuwa vitani.

Hapo ndipo njia za baba na mwana zilipoachana, na sababu ya baba inastahili kusomwa polepole. Edward Hyde, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa mfalme aliyefuata, aliandika mazungumzo yake na Sir Edmund ya siku zile. Sir Edmund alimwambia kwamba haupendi ugomvi huu, na angetamani Mfalme akubali wanachotaka wabunge. Maaskofu, ambao kwa maoni yake ndio kiini cha ugomvi, hana heshima nao. Lakini amekula mkate wa Mfalme na kumtumikia karibu miaka 30, na hatafanya jambo la aibu kama kumwacha sasa. Akaongeza kwamba ni afadhali apoteze uhai wake, na ana hakika ataupoteza, kwa kutetea mambo ambayo dhamiri yake haiyakubali.

Na ndivyo ilivyokuwa. Agosti 1642 alikabidhiwa bendera kuu ya Mfalme pale Nottingham. Tarehe 23 Oktoba, katika pigano la Edgehill, aliuawa akiilinda. Bendera ilitekwa, kisha ikarudishwa na ofisa mmoja wa Mfalme. Mwili wa Sir Edmund haukupatikana kamwe, ingawa Ralph aliutafuta. Watu wa Claydon wamekuwa wakisimulia kwamba kilichopatikana ni mkono wake tu, bado umeshika mti wa bendera, na kidoleni pete yenye picha ya Mfalme. Hiyo ni masimulizi ya kijiji, nami nayachukulia hivyo.

Ndugu wa Ralph, aliyeitwa Edmund kama baba yao, alikuwa askari wa Mfalme naye. Huyu ndiye aliyemwandikia kaka yake kwa ukali: kwamba kwa kuwa kinyume cha Mfalme amemvunja moyo baba yao, na kwamba yeye mwenyewe ameumia kuliko anavyoweza kusema. Ralph hakujibu kwa muda mrefu. Kisha Edmund akaandika tena, baba akiwa amekwisha kufa, na barua hiyo ya pili ndiyo ninayoomba uikumbuke. Anasema angekuwa radhi kupoteza mkono wake wa kulia ili Ralph angekuwa upande mwingine, lakini hatakubali mabishano haya yawe ugomvi kati yao wawili. Wakaendelea kuandikiana mpaka Edmund alipokufa.

Sasa nije kwenye kufukuzwa. Mwaka 1643 Bunge lilikuwa linashindwa vitani, likatafuta msaada wa Waskoti. Waskoti hawakutaka fedha tu. Walitaka Uingereza ikubali mfumo wa kanisa ulio karibu na wao, usio na maaskofu. Matokeo yake yakawa Agano, kiapo ambacho kila mbunge alitakiwa kukila kwa jina la Mungu. Ralph alikataa. Hakuwa mpenzi wa maaskofu kuliko baba yake, ila hakuwa tayari kuapa kwamba atawafuta, jambo ambalo dhamiri yake haikuwa imelikubali.

Hapo ndipo naona uzito wa maisha ya mtu huyu. Baba hakuwaheshimu maaskofu, akafa upande uliowatetea kwa sababu ya utumishi wa miaka mingi. Mwana alibaki na waliowapinga maaskofu, akapoteza kila kitu kwa sababu hakutaka kuapa kuwaondoa. Wapo waandishi wanaomwita Ralph mtu wa kusitasita. Mimi sikubaliani nao. Kuhamia kwa Mfalme kungekuwa rahisi: ndugu, wajomba na mashemeji walikuwa huko. Kula kiapo kungekuwa rahisi zaidi, maana wengi walikula huku mioyo yao ikiwa kwingine. Yeye hakufanya hili wala lile. Mwishoni mwa 1643 alivuka bahari kwa jina la bandia, Smith, pamoja na mkewe Mary na watoto wawili, Edmund na Margaret, ambaye nyumbani walimwita Peg. Mtoto wa tatu, John, alikuwa mdogo mno kwa safari, akaachwa Claydon na shangazi zake. Familia ikatua Rouen, kisha ikahamia Blois, kwenye mto Loire. Septemba 1645 Bunge likamwondolea kiti kwa kosa la kutokuwepo, na mali yake ikaandikwa kuwa ya kushikwa na serikali, sawa na ya watu waliobeba silaha dhidi yake.

Swali lako la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linatufikisha kwa Mary, na kwangu Mary ndiye aliyeiokoa Claydon.

Mary Blacknall alizaliwa mwaka 1616 huko Abingdon. Wazazi wake walikufa kwa tauni akiwa na umri wa miaka tisa, wakamwachia ardhi nyingi. Kwa sheria ya wakati ule, yatima mwenye ardhi ya aina fulani aliangukia mikononi mwa Mfalme, na haki ya kumlea, pamoja na haki ya kumchagulia mume, iliuzwa kama bidhaa. Jamaa zake wanne waliinunua haki hiyo kwa pauni 2,000. Mmoja wao akataka haraka kumwoza mwanawe binti huyo, ambaye hata miaka 12 hakuwa ametimiza. Mahakama ikazuia. Mei 1629 akaolewa na Ralph: yeye ana miaka 13, bwana harusi 15. Ni ndoa ya mali iliyopangwa na wakubwa, na Ralph akarudi Oxford kuendelea na masomo. Hata hivyo wawili hawa wakaja kupendana kwa namna ambayo barua zao haziwezi kuificha.

Mwaka 1646 ilibidi mtu aende London. Ralph hakuweza. Angekanyaga tu Uingereza, wadai wangemtia ndani kwa madeni, na kamati za Bunge zingemhoji kama mhalifu. Mary hakuwa na kesi. Isitoshe, Bunge lilikuwa limeagiza kwamba wake na watoto wa waliochukuliwa mali wapewe sehemu ya tano ya mapato yake, kwa hiyo mke alikuwa na mlango wa kuingilia ambao mume hakuwa nao. Tena sehemu ya mali ilitokana na urithi wake mwenyewe. Mjomba wa Ralph, tabibu William Denton, aliyejua vizuri jinsi London ilivyokuwa ikienda siku zile, alimwandikia Ralph waziwazi: amfundishe mkewe la kusema, kisha amwachie kamati, kwa maana wanawake wana nafasi ambazo wanaume hawana, na siku hizi manufaa yake yanaonekana kuliko wakati wowote.

Akaja Novemba 1646, akiwa na mimba changa, katika mji ambao kila kitu kilikuwa ghali na marafiki wa zamani walikuwa wanaogopa kuonekana nao. Alikaa mwaka mzima na zaidi akibisha milango: wabunge, wake wa wabunge, makarani, wajumbe wa kamati za wilaya. Aliandika kila wiki, na Ralph akajibu kila wiki. Huwezi kuzisoma barua hizo bila kumwona mtu kamili. Ralph alipotoa maoni juu ya jina la mtoto, Mary alimjibu kwamba akiwa wa kiume atapewa jina la baba yake, na asimpinge. Mtoto akazaliwa Juni 1647, akaitwa Ralph. Mary akaenda Claydon, akaona nyumba ilivyochakazwa na askari waliowekwa humo, akamwona na John wake aliyemwacha: miguu imepinda, maneno bado hayajanyooka, lakini mchangamfu, na hamu yake kubwa ni kwenda Ufaransa kwa baba.

Oktoba 1647 vifo viwili vikafuatana. Kitoto Ralph kilikufa kwa degedege, kikiwa na miezi minne. Wakati huohuo huko Blois Peg akafa kwa kuhara damu. Mary alipata habari za wote wawili karibu pamoja. Tabibu Denton aliandika kwamba kwa usiku mbili alisema maneno yasiyo na mpango, na wakati mwingine hakuwatambua hata marafiki zake. Kisha akaamka, akarudi kwenye milango ya kamati. Tarehe 5 Januari 1648 kamati ikatamka kwamba mali ya Verney iachiliwe. Kesi aliyoijenga ilikuwa fupi na ya kweli: mume wake hakubeba silaha dhidi ya Bunge, kosa lake ni kwamba hakuwepo.

Alirudi Blois mwaka huohuo pamoja na John. Afya yake ilikuwa imekwisha. Alikufa Mei 1650, akiwa na miaka 34. Ralph aliutia mwili wake dawa na kuusafirisha kwa meli hadi Uingereza, akazikwa kanisani Middle Claydon, yeye mwenyewe asiweze kuhudhuria. Aliishi miaka 46 zaidi na hakuoa tena, ingawa jamaa walimtafutia wachumba. Aliporudi Claydon mwaka 1653 aliweka kanisani humo mnara wa marumaru wenye sanamu nne za kifua: baba, mama, Mary na yeye. Baba asiyekuwa na kaburi akapata mahali pa kuandikwa jina lake, na aliyeagiza ni mwana ambaye watu wanadhani alikanwa.

Familia nzima ililipa vita hivi, na si kwa damu peke yake. Edmund, yule ndugu yake Ralph, alikuwa katika ngome ya Drogheda, Ayalandi, ilipovunjwa na Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge, mwaka 1649. Kwa mujibu wa barua ya wakati ule, alinusurika siku ya shambulio, akauawa siku chache baadaye kwa upanga baada ya kuitwa kando kwa hila. Nyumba ya akina Denton ilichomwa moto na askari wa Bunge Machi 1644 baada ya kuzingirwa, na baadhi ya dada zake Ralph walikuwa ndani. (Kapteni mmoja wa waliozingira alimpenda shangazi yao Susan Denton, akamwoa baada ya miezi michache, akauawa mwaka uliofuata.) Na dada hao walikuwa na shida nyingine ambayo haisimuliwi sana. Huko binti ndiye aliyekwenda kwa mume na fedha kutoka kwao, na fungu lao baba alikuwa amelitegesha kwenye mapato ya kodi ya vitambaa aliyopewa na Mfalme. Vita vikaikausha kodi ile. Wasichana watano kati ya wale sita wakabaki bila fungu, na kaka mkubwa yuko uhamishoni na madeni ya baba yao. Waliolewa kwa kuchelewa au chini ya daraja lao, na barua zao kwa Ralph zimejaa madai, vijembe na kuombana radhi. Na bado alikuwepo Thomas, mdogo wake anayemfuata, aliyepelekwa Virginia, akarudi, akapelekwa Barbados, akarudi, na ambaye aliomba fedha kwa kaka yake maisha yake yote. Alifika miaka zaidi ya 90.

Ralph mwenyewe aliwekwa kizuizini kwa miezi kadhaa mwaka 1655, wakati Cromwell, sasa akiwa mtawala wa nchi, aliposhuku kila mwenye jamaa upande wa Mfalme. Ufalme, ambao upande wa Bunge ulikuwa umeufuta, uliporudi, alipewa cheo cha baroneti mwaka 1661, na katika uzee wake akachaguliwa tena bungeni, safari hii kwa mji wa Buckingham, katika mabunge ya 1681, 1685 na 1689. Alifariki Septemba 1696.

Kuhusu uzao. Mwanawe mkubwa, Edmund, alikufa kabla yake, mwaka 1688, na wajukuu upande huo hawakudumu. Urithi ukaenda kwa John, yule wa miguu iliyopinda. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa pili asiyetegemea ardhi, alikuwa amejifunza biashara London kwa mtu aliyefanya biashara na Mashariki ya Kati, akakaa Aleppo miaka 12 hivi akiuza na kununua, akarudi mwaka 1674 na fedha zake mwenyewe. Alipewa cheo cha Vikonti Fermanagh mwaka 1703. Mjukuu wake, mwenye cheo cha Earl Verney wa pili, alijenga upya Claydon kwa fahari kubwa, akafilisika, akafa mwaka 1791 bila mtoto. Mpwa wake Mary akarithi, akabomoa sehemu kubwa ya jengo hilo, akafa mwaka 1810 bila kuolewa. Kwa hiyo ukoo huo wa wamiliki wa Claydon uliishia hapo. Alimwachia nyumba dada yake wa mama mmoja, ambaye hakuwa wa damu ya Verney, na kutoka kwake ikamfikia Harry Calvert, aliyechukua jina la Verney mwaka 1827. Wanaoitwa Verney wa Claydon tangu hapo wanatokana naye.

Mke wa pili wa Sir Harry alikuwa Parthenope Nightingale, dada yake Florence Nightingale, muuguzi unayemjua. Huyo ndiye aliyejitolea kuzisoma na kuzipanga barua za familia, kazi ambayo ilichapishwa kuanzia 1892, yeye akiwa amekwisha kufariki, na kuendelezwa na mke wa mwana wa Sir Harry. Barua zilizobaki za karne ile ya 17 ni zaidi ya 30,000, kwa sababu Ralph alihifadhi kila aliyopokea, akaandika nyuma yake tarehe iliyomfikia, na mara nyingi akatunza nakala ya alichojibu.